Shamba la Mwenyekiti Hulimwa Mwisho

9 Oktoba

Nimeamua kuandika habari za msimu huu kwa sababu ndio msimu utakaotusimamisha imara, na wajukuu watakuja kutaka kujua nani alifanya nini. Huu ni mwaka wa tatu tangu tuvuke mto. Tulikuta pori, nyani, na majani yaliyotufika kwapani. Sasa tuna nyumba kumi na mbili, kisima, njia ya mkokoteni, na chuma changu. Chuma chenyewe ni rimu ya gurudumu la lori, nimeitundika kwenye nguzo mbele ya nyumba. Nikiigonga, kila mtu anaacha anachofanya na kuja. Mke wangu anasema naigonga kwa raha iliyopitiliza. Atajua nini yeye, hajawahi kuigonga.

12 Oktoba

Tumechoma visiki vya upande wa machweo. Moshi tu na kukohoa.

15 Oktoba

Kikao cha kabla ya mvua. Nimewakumbusha taratibu zetu, maana watu hawa ukiwaacha kidogo wanasahau hata njia ya kisimani.

Ng'ombe wa kulimia ni wa wote, jozi mbili, na zamu hupangwa kwa kura. Shamba la mwenyekiti halimo kwenye kura. Hulimwa mwisho, baada ya mengine yote kulimwa na kupandwa. Sharti hilo nilijiwekea mwenyewe mwaka wa kwanza, na makofi waliyonipigia siku ile ninayasikia mpaka leo. Utaratibu wa pili ni kwamba hakuna kupanda mpaka chuma kilie, na kikilia, kila nyumba inapanda mbegu zake zote. Mwaka jana wengine walipanda nusu na kuweka nusu, kwa hiyo mahindi yakawa ya marika mawili, nyani wakala la kwanza wakangojea la pili.

Redio akasimama. Tunamwita Redio kwa sababu alizaliwa bila kitufe cha kuzimia. "Mwenyekiti, si mtu abakize hata ungo mmoja ndani? Mvua ya huku bado hatujaijua tabia."

Nikamwambia, mbele ya wote, kwamba hapa hatuweki akiba ya woga. Atakayekutwa na mbegu ndani baada ya kupanda kwisha, msimu ujao ng'ombe hawagusi shamba lake. Watu wakacheka, Redio akakaa, nami nikatembea kuelekea nyumbani kichwa kimenivimba.

Mdogo wangu alibaki kunisaidia kurudisha mabenchi. Kule tulikotoka alikuwa na nyumba ya matofali, mkewe ana cherehani na wateja. Aliuza vyote akavuka mto kwa sababu mimi kaka yake nilimwita. Nilimuuliza anaonaje hilo la kubakiza mbegu. Akasema, "Redio ana hoja, kaka. Ila wewe ukisema tupande zote, mimi napanda zote." Nilimpiga bega. Mtu wa namna hii ndiye unayejenga naye.

24 Oktoba

Joto. Mawingu yanakuja, yanatuchungulia, yanaondoka.

26 Oktoba

Mke wangu ameshusha mahindi ya mbegu yaliyokuwa yananing'inia juu ya moshi wa jiko. Tumepukuchua mchana kutwa. Yamejaa madebe matatu, punje nzito, hakuna iliyotobolewa. Vidole vinaniuma.

29 Oktoba

Imenyesha! Ilianza alfajiri, ikapiga mabati mpaka tukawa hatusikizani, ikakatika jua lilipopanda. Nilipofungua mlango nikakuta watu wameshasimama uani kwangu, majembe mabegani, wanatazama chuma kisha wananitazama mimi.

Mke wangu alichukua jembe akachimba palepale pembeni ya jiko. Juu udongo ulikuwa mweusi, umelowa. Chini kidogo tu, kiasi cha kiganja, ulikuwa unga mtupu.

"Baba watoto, tungoje inyeshe tena," alisema kwa sauti ya chini ili asinivunjie heshima.

Lakini mwaka jana nilingoja, tukachelewa, na Redio akanitangaza msimu mzima. Na wale watu walikuwa wananitazama. Nikafukia lile shimo kwa mguu, nikaenda nikagonga chuma. Shangwe waliyoipiga ilifukuza ndege.

31 Oktoba

Ng'ombe wanalima, watu wanapanda nyuma yao. Mgongo unaniuma kwa furaha, kama upo ugonjwa wa hivyo.

3 Novemba

Jua. Si neno, mvua zikianza huwa zinapumzika.

5 Novemba

Jua. Anayeongoza ng'ombe, tunamwita Dereva, ameniuliza tuendelee au tungoje. Nimemwambia tuendelee, kwani yeye ndiye anayeleta mvua? Ameenda kuwafunga nira.

7 Novemba

Leo wamelima shamba langu, la mwisho, kama kawaida. Vumbi lilikuwa linawafuata ng'ombe mpaka mwisho wa mtaro.

Mchana mimi na mke wangu tukaanza kupanda. Tulimaliza mistari minne. Kwenye wa tano alisimama wima, akashika kiuno, akasema, "Mimi siwezi. Ni kuzika chakula cha watoto huku." Nikamwambia ainame tuendelee. Hakuinama. Nikachukua kiganja cha udongo ili nimwonyeshe kwamba una unyevu, ukanipukutika wote katikati ya vidole. Nilikaa chini. Tukakubaliana kwamba tutapanda kesho ikinyesha, na kama kesho haikunyesha, keshokutwa. Mke wangu akajitwisha beseni lenye mbegu, akalifunika kitambaa, tukashika njia ya nyumbani.

Njiani tulikutana na mdogo wangu anatoka kisimani. "Kaka, poleni na kazi. Mmemaliza?"

"Tumemaliza," nikasema.

Sijui kwa nini. Nadhani nilimwona Redio kichwani, na ile habari ya akiba ya woga, na wote wakicheka, safari hii wakinicheka mimi. Na nilidhani kesho itanyesha, nipande, na neno langu liwe kweli kabla halijalala. Mdogo wangu alitazama beseni, akatazama shingo ya shemeji yake ilivyokaza chini ya mzigo. Akasema, "Haya, mpumzike," akatupisha.

Tulipofika, mke wangu alitua beseni jikoni. "Mimi nilisema tusipande," alisema. "Sikusema tudanganye."

8 Novemba

Jua.

9 Novemba

Jua.

11 Novemba

Mahindi yameota kwenye mashamba ya wenzangu. Watu wanatembeleana kuyatazama, wananiita na mimi nikayatazame. Nimekwenda. Nimeyasifu.

16 Novemba

Yanakunjamana. Asubuhi yako kijani, mchana yanajisokota, jioni hayakunjuki. Mama Mapacha, yule mjane wa nyumba ya mwisho kabisa, amekuwa akibeba maji kisimani kumwagilia shamba zima kwa kopo, na watoto wake wawili nyuma yake na vikopo vyao. Nilimwambia aache, atajiua. Akasema, "Nikikaa ndani nitafanya nini, Mwenyekiti?"

19 Novemba

Yameungua yote. Ukishika jani linavunjika.

20 Novemba

Sikupanga kuandika leo, lakini sina pa kupeleka haya niliyo nayo.

Sikugonga chuma. Walikuja wenyewe, wakakaa uani, wanaume kwa wanawake, bila hata yale masihara yao. Nilianza kusema kwamba mvua ni ya Mungu na kadhalika. Fundi, yule seremala aliyetutengenezea madirisha, alinikatiza kwa upole: "Mwenyekiti, tuanze na kilichopo. Nani ana mbegu?"

Wakaulizana nyumba kwa nyumba. Kila mmoja alijibu neno lilelile: hakuna. Nilikuwa nahesabu nyumba zilizobaki kabla ya kunifikia, huku karibu madebe matatu yako nyuma ya ukuta niliouegemea. Nilijiambia nikifikiwa nitasema. Naapa nilijiambia hivyo. Ningesema tulisimama mstari wa tano, basi, yaishe.

Mama Mapacha akageuka. "Shamba lako, Mwenyekiti, mbona hata kuota halikuota?"

Nikafungua mdomo. Kabla sijatoa sauti, mdogo wangu akasimama. "Shamba la kaka mimi mwenyewe nililiona," alisema. "Nilipita jioni ile anamaliza mstari wa mwisho. Alipanda lote. Lilipandwa kwenye vumbi, mchwa wakalimaliza humo humo." Kisha akakaa, akatazama miguu yake.

Jioni ile alikuwa anatoka kisimani. Shambani kwangu hakufika. Alichokiona ni beseni.

Kisha likaja lililonimaliza kabisa. Redio alisimama akavua kofia. "Mnanijua," alisema. "Wa kwanza kumsema mtu huyu ni mimi. Lakini leo nanyamaza. Ametutia shimoni, ndiyo, ila na yeye mwenyewe amo humo shimoni na sisi. Wakubwa wangapi hufanya hivyo?" Wakaitikia. Mzee mmoja akanishika mkono akaniambia pole. Wakaja wengine wakanipa pole. Nilipokea pole za watu wa nyumba kumi, kila moja kwa mikono miwili, nikishukuru. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini miguu yangu ilisimama tu pale kama kawaida na mdomo wangu uliendelea kusema asanteni.

Mdogo wangu ndiye pekee ambaye hakunipa pole.

22 Novemba

Mama Mapacha amekuja na bakuli la unga. Anasema mimi nahangaikia watu mpaka nasahau nyumba yangu, na kwamba naye hana kingi ila hawezi kula huku Mwenyekiti ana njaa. Nilikataa. Akaapa kwamba haondoki nalo. Nikalipokea.

Mke wangu aliumimina unga ule kwenye chombo chetu, akaniletea bakuli tupu nimrudishie mwenyewe. Ilibidi nimwite mtoto alipeleke.

23 Novemba

Mdogo wangu hajaja kula kwetu tangu kikao. Kila Jumapili alikuwa anakuja.

27 Novemba

Nimetoka mjini na Fundi. Tulikwenda kwa bwana shamba kuomba mbegu za msaada. Ofisi yake ina benchi moja na feni isiyozunguka. Tulikaa mpaka makalio yakafa ganzi. Alipotuita alikuwa mtu mwema, na hilo lilinizidishia tabu. Alieleza kwamba mbegu za msaada zipo lakini ni chache, zinatolewa kwanza mahali ambapo hakuna hata nyumba moja iliyobakiwa na kitu. Akaniuliza, kalamu mkononi: "Huko kwenu kuna yeyote aliyebakiwa na mbegu?"

"Hakuna," nikasema.

Fundi akaongeza kwa uchungu, "Bwana shamba, hata Mwenyekiti wetu huyu unayemwona hana punje. Alilimiwa mwisho kwa ajili yetu." Bwana shamba akanitazama kwa heshima. Alisema atajitahidi, turudi baada ya mwezi.

Njia nzima Fundi alikuwa ananitia moyo. Alininunulia chai. Nilikunywa.

30 Novemba

Nimejaribu kumwambia mke wangu kwamba nikisema sasa itakuwa mbaya zaidi kuliko ningesema mwanzo. Amejibu kwamba kesho itakuwa mbaya zaidi kuliko leo, na akauliza kama nina haja ya kufanyiwa hesabu hiyo.

2 Desemba

Kuna kijana alisema kisimani kwamba haya yote ni kosa langu, nilikurupuka kugonga chuma. Redio alimkemea mbele ya wanawake mpaka akaomba radhi. Miaka mitatu nimemchukia Redio kwa sababu ya mdomo wake. Sasa anautumia kunilinda na siwezi kumtazama usoni. Nikimwona anakuja nabadili njia, naye nadhani anafikiri ni majonzi, kwa sababu leo amenitumia salamu kwamba nisikate tamaa.

5 Desemba

Mdogo wangu ameondoka.

Alikuja asubuhi na mkewe na binti yao, wamefunga virago. Anakwenda kwenye machimbo ya kokoto, nusu ya njia ya mjini, kuna kazi ya kuponda mawe. Nilimwambia asubiri, bwana shamba ameahidi. Nilimwambia huwezi kuacha shamba ulilong'oa visiki kwa mikono yako. Nilisema mengi. Alikuwa anakaza kamba ya godoro wakati wote ule.

Shemeji yangu, mkewe, alikuwa anatazama mlango wa jiko letu. Sijui kama aliambiwa au aliona kwa akili yake. Mke wangu alitoka na debe moja, hakulifunika wala nini, akaliweka chini mbele yao. "Chukueni," alisema. "Mkapande kokote."

Hakuna aliyesogea. Mdogo wangu alilitazama debe, akanitazama mimi, kwa mara ya kwanza tangu kikao. Nadhani alikuwa ananipa nafasi. Nilichotakiwa kufanya ni kusema neno moja. Nikasema, "Watu wakiona watauliza."

Akacheka kidogo, si kwa furaha. "Kweli, kaka. Watauliza," akasema, akajitwika godoro. Binti yao ana miaka minne, hajui lolote. Alinipa mkono, akaniamkia, "Shikamoo baba mkubwa," akawakimbilia wazazi wake.

Nililirudisha debe jikoni mwenyewe, kwa sababu mke wangu aliliacha pale pale akaingia ndani kulala.

6 Desemba

Nyumba nyingine mbili zinafunga virago.

11 Desemba

Imenyesha, na hii ndiyo yenyewe. Mchana kutwa, bila upepo, bila haraka, inaingia ardhini. Nimechimba pembeni ya jiko kwa jembe zima na chini bado kumelowa.

Watu wametoka wamesimama kwenye mashamba yao yaliyolimwa, mvua inawanyeshea, mikono mitupu. Hakuna anayeshangilia. Mama Mapacha alikuwa ameinama anapekua matuta, labda kuna punje iliyosalia. Niliona hayo yote kutoka mlangoni kwangu.

12 Desemba

Nimegonga chuma.

Walikuja mbio, na hilo sikulitegemea. Walidhani mbegu za bwana shamba zimefika. Fundi alikuja na gunia tupu kabisa. Nikaanza hotuba. Nikasema uongozi ni mzigo, binadamu hukosea, nilikuwa naelekea kwenye subira, hata sijui subira ya nini.

Redio akanikatiza, kwa tabasamu. "Mwenyekiti wangu, hotuba tutaisikiliza tukipanda. Mbegu ziko wapi?"

"Ziko jikoni kwangu."

"Alhamdulillahi! Zimefika lini?"

"Hazijafika. Zilikuwepo."

Bado walikuwa wanatabasamu. Ikabidi niseme yote, mistari minne, beseni, neno nililomjibu mdogo wangu njiani, kikao, bwana shamba. Nilikuwa nasema nikitazama nguzo ya chuma. Nilipomaliza, mvua ilikuwa inachuruzika kwenye mabati.

Hakuna aliyenipigia kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Fundi alikunja gunia lake vizuri mara mbili, akaliweka kwapani. Mama Mapacha alisema polepole, kana kwamba anaikumbuka ndoto, "Na unga wangu ulipokea."

"Nilipokea," nikasema.

Redio akasema, na hakuwa na ile sauti yake ya kutangaza. "Na mdogo wako alituapia hapa kwamba alikuona unamaliza."

Nikasema alifanya vile kunisitiri, hakuwa na faida yoyote humo.

"Mtu hasimami kikaoni kusema uongo mbele ya watu wazima bila kutiwa kitu mkononi. Ulimgawia ngapi? Ndiyo maana alitoroka mapema, kumbe alishashiba."

"Hakupata hata punje. Mke wangu alimpa debe, akaliacha."

"Na hilo nalo," akauliza Redio, "tukuamini kwa lipi?"

Nilitazama watu wote wale, mmoja mmoja. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ananiamini. Nilikuwa nasema kweli tupu, na ilinitoka mdomoni sawasawa na ule uongo, sauti ileile, uso uleule.

13 Desemba

Wamegawa mbegu uani kwangu. Mama Mapacha alipima kwa bakuli, lile lile, na mke wangu alishika gunia. Kila nyumba imepata cha kupanda kipande, si shamba. Hata mimi nimepimiwa sawa na wengine, hawakunipunja. Nilipoomba fungu la mdogo wangu, Redio alisema huyo alishachukua lake, na Mama Mapacha akapimia nyumba iliyofuata. Fundi alikuwa ananionea huruma, niliona, lakini naye alishika zamu yake.

Chuma wamekifungua. Kimekwenda kutundikwa kwa Dereva.

15 Desemba

Nimepanda fungu langu lote kwenye shamba la mdogo wangu. Mke wangu alikuja na jembe bila kuitwa, tukapanda kile kipande mpaka mwisho wa mstari wa mwisho. La kwetu limebaki tupu. Mke wangu anasema tutakula viazi na matembele, na kwamba watoto hawatakufa kwa hilo. Ni maneno mengi kuliko aliyonipa mwezi mzima.

18 Desemba

Nimefika machimboni. Mdogo wangu alikuwa amekaa juu ya tairi anaponda mawe, amejifunga kitambaa usoni, vumbi limemfanya mzee. Hakuacha kuponda. Nilimwambia nimesema yote, mbegu zimegawanywa, shamba lake limepandwa na mvua inaendelea, arudi.

"Wanasemaje juu yangu?"

Ningeweza kudanganya. Safari hii sikudanganya. Nilimwambia wanavyosema.

Aliponda jiwe moja, la pili, la tatu. "Kaka, mimi sikuondoka kwa njaa," alisema. "Kila aliyenikuta njiani alikuwa ananiuliza habari za shamba lako, nami ilibidi nijibu. Nikasema niende mahali ambapo hakuna anayelijua." Akafuta uso. "Sasa umejiosha wewe kwa kunipaka mimi. Nirudi nikawaambie nini?"

Nilisema nitawaeleza tena, nitaapa.

"Usiape, kaka. Tafadhali. Ukiapa ndiyo wataamini kabisa kwamba nilikula."

Nilikaa naye mpaka filimbi ya jioni. Hakunifukuza. Alinipa maji ya kunywa kwa mikono miwili, kama mdogo anavyompa mkubwa wake, na nadhani ndiyo maana nililia njia nzima.

24 Desemba

Mvua nzuri. Mahindi ya wote yanafika vifundoni. Shamba la mdogo wangu linahitaji palizi.

29 Desemba

Shemeji amerudi, yeye na binti yake tu. Nilimwona amesimama shambani kwao na jembe. Nilikwenda mbio, karibu nianguke kwenye mtaro. Nilimuuliza mume wake anakuja lini.

"Haji, shemeji. Amesema mahali anapoitwa mwongo hawezi kulala. Mimi nimekuja kwa sababu mtoto lazima ale, na mahindi yapo." Alikuwa anapalilia huku anasema. Nilichukua jembe la pili ili nimsaidie. Akanizuia kwa mkono.

"Shemeji, nisamehe kwa hili ninalotaka kusema. Umenizidi umri, na mume wangu anakuheshimu mpaka leo. Ila nitaishi hapa katikati ya hawa watu. Wakituona tumesimama hivi watasema tunagawana. Kila asubuhi nitapita mbele ya nyumba yako kwenda kisimani, njia ni hiyo hiyo moja. Nakuomba usinisalimie."

"Nisikusalimie?"

"Usinisalimie mbele za watu. Wala mtoto. Wakizoea kwamba hatuna letu pamoja, siku moja watanyamaza kumsema baba yake, naye atarudi. Nisaidie hilo tu."

Nikasema nimekubali. Alisema asante, shemeji, Mungu akulipe, kwa adabu zake zilezile.

31 Desemba

Nimekaa uani kutengeneza mpini wa jembe. Shemeji amepita na ndoo. Niliinamia mpini. Wanawake wawili waliokuwa naye walinitazama, kisha wakamtazama yeye, kisha wakaendelea na maongezi yao.

3 Januari

Palizi. Redio amempelekea shemeji kijana mmoja wa kumsaidia siku nzima. Mimi hakuniangalia, lakini yeye amempelekea.

6 Januari

Leo asubuhi shemeji amepita na mtoto, nyuma yao akina Mama Mapacha na Fundi. Nilikuwa nimeketi kizingitini. Shemeji alipita anatazama mbele. Yule mtoto alisimama katikati ya njia, akaniona, akafurahi.

"Shikamoo baba mkubwa!"

Watu wote walisikia. Nilitazama ukuta. Akadhani sijasikia, akaja karibu zaidi, akainamisha kichwa nimwekee mkono, akarudia kwa sauti kubwa, kila neno peke yake, kama anavyosemeshwa mtu kiziwi. Mama yake hakugeuka.

Sikuitikia. Akasubiri kidogo, kisha akamkimbilia mama yake, na nikamsikia anauliza kama baba mkubwa anaumwa.